Merikebu za New Bedford: Kupanda na Kushuka kwa Uwindaji wa Nyangumi Marekani

Kabla watu hawajachimba mafuta ardhini, taa za miji mingi ya Ulaya na Marekani ziliwashwa kwa mafuta ya mnyama. Mnara wa kuongozea meli, barabara za London, sebule ya tajiri wa Boston, mashine za viwanda vya nguo zilizohitaji kulainishwa: vyote vilimtegemea nyangumi aliyeuawa kwa mkono wa mtu, mara nyingi katika bahari za mbali kabisa na taa yenyewe. Hakuna taifa lililoishika biashara hiyo kama Marekani, na ndani ya Marekani, pwani fupi ya jimbo la Massachusetts.

Habari za biashara hii husimuliwa kwa ufupi hivi: petroli ikagunduliwa, uwindaji ukafa, nyangumi wakapona. Si kweli kwamba petroli peke yake iliuua uwindaji wa Marekani, na si kweli hata kidogo kwamba iliwaokoa nyangumi.

Kisiwa cha mchanga, 1659–1775

Nantucket ni kisiwa cha mchanga kusini mwa Cape Cod. Waingereza walipohamia huko mwaka 1659 walikuwa wakulima na wafugaji wa kondoo, lakini udongo ule haukuwa na rutuba ya kutosha kuwalisha wote. Wenyeji wa kisiwa, Wawampanoag, walikuwa wanajua kumtumia nyangumi aliyekwama ufukweni. Wageni wakajifunza kuwafuata nyangumi waliopita karibu na pwani. Walisimamisha milingoti ufukweni, mtu akapanda juu kutazama, na nyangumi alipoonekana mashua zilisukumwa majini. Wapiga makasia wengi walikuwa Wawampanoag, na wengi wao walifungwa kazini kwa madeni ya dukani. Katika majira ya baridi ya 1763 na 1764 maradhi yaliua zaidi ya nusu ya Wawampanoag waliobaki kisiwani. Utajiri wa Nantucket ulijengwa juu ya mikono yao, na wao hawakuishi kuuona ukikomaa.

Mageuzi ya kwanza yanasimuliwa kuwa yalitokea mwaka 1712 au karibu na hapo, wakati upepo ulipoisukuma mashua ya mtu mmoja wa Nantucket mbali na pwani na mabaharia wake wakamuua nyangumi wa aina nyingine: yule mwenye kichwa kikubwa kama sanduku, ambaye tumboni mwake hutokea ambari. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa inaijua ambari tangu zamani sana. Msafiri Mwarabu Al-Masudi, katika karne ya 10, aliisifu ambari ya nchi ya Zanj. Lakini watu wa Nantucket hawakutafuta manukato. Kichwani mwa nyangumi huyo kulikuwa na mafuta safi yanayoganda na kuwa nta, na nta hiyo ilitengeneza mshumaa uliowaka kwa mwanga mkali bila moshi wala harufu ya mishumaa ya mafuta ya wanyama wa mifugo. Ikawa mishumaa ya wenye fedha. Mwaka 1761 watengenezaji wa New England waliungana na kuwekeana kikomo cha bei ya kununulia malighafi hiyo, ili wasishindane wenyewe kwa wenyewe.

Nyangumi wa ambari huishi kwenye kina kirefu, kwa hiyo ilibidi kumfuata. Shida ilikuwa joto: shahamu iliyokaa kwenye mapipa kwa wiki nyingi iliharibika kabla ya kufika nyumbani. Kufikia miaka ya 1750 dawa ilipatikana. Tanuri la matofali lilijengwa juu ya sitaha, likawekwa masufuria makubwa ya chuma, na shahamu ikayeyushwa huko huko baharini. Merikebu ikageuka kiwanda. Tangu siku hiyo hapakuwa na sababu ya kurudi nyumbani mpaka mapipa yajae, na mapipa yangeweza kuchukua miaka kujaa.

Walioendesha biashara hii wengi wao walikuwa Quaker, madhehebu yaleyale ambayo baadaye yalikuja magharibi mwa Kenya na kujulikana kama Kanisa la Marafiki. Walikuwa watu wa kuhesabu kila senti, wakioleana na kukopeshana ndani ya jamaa. Familia ya Rotch ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Mbili kati ya merikebu zilizoleta ile chai iliyomwagwa katika bandari ya Boston mwaka 1773, Dartmouth na Beaver, zilikuwa zao.

Halafu ikaja vita ya uhuru. Nantucket ilikuwa na merikebu takriban 150 mwaka 1775. Nyingi zilitekwa au kuzama, na vita ilipokwisha Uingereza, iliyokuwa soko kuu, ikaweka ushuru mzito juu ya mafuta ya kigeni. William Rotch alihamishia sehemu ya biashara yake Dunkirk, Ufaransa, mpaka mapinduzi ya huko yalipomrudisha. Vita ya 1812 iliumiza tena. Mara zote mbili biashara iliinuka, kwa sababu watu walikuwa hawana kazi nyingine yenye faida kama ile. Jambo hilo litakuwa na maana kubwa mbele.

Kuizunguka Rasi ya Horn

Mwaka 1791 merikebu za Nantucket zilianza kuizunguka Rasi ya Horn kuingia Pasifiki. Kufikia 1820 zilikuwa zimefika bahari za Japani. Safari ya miezi kadhaa ikawa ya miaka mitatu au minne. Kisiwani Nantucket wanawake waliendesha maduka, mashamba na hesabu, na watoto walikua bila kuwajua baba zao.

Hatari ya safari hizo ilidhihirika tarehe 20 Novemba 1820, katikati ya Pasifiki. Nyangumi mkubwa wa ambari aliigonga merikebu Essex ya Nantucket mara mbili, ikazama. Watu 20 walibaki katika mashua tatu ndogo. Waliogopa kuelekea visiwa vilivyokuwa karibu kwa sababu walisikia kwamba wakazi wake hula watu, wakaamua kuelekea Amerika ya Kusini, mbali mara nyingi zaidi. Njiani njaa iliwalazimisha kula maiti za wenzao, na katika mashua moja walipiga kura nani auawe ili wengine waishi. Wanane tu ndio waliosalimika. Msaidizi mkuu wa nahodha, Owen Chase, aliandika habari hiyo, na kijana aliyeitwa Herman Melville aliisoma alipokuwa baharini. Melville mwenyewe alipanda merikebu ya nyangumi, Acushnet, Januari 1841, na riwaya yake Moby-Dick ikatoka mwaka 1851.

Kazi yenyewe

Mashua ilichukua watu sita. Yule wa mbele kabisa, mpiga chusa, alivuta kasia pamoja na wengine mpaka mashua ilipokaribia kumgusa mnyama, kisha akasimama na kulitupa chusa. Chusa halikuua, kazi yake ilikuwa kunasa. Hapo kamba ilianza kutoka ndani ya pipa dogo, mamia ya mita, ikizunguka kigogo kilichokuwa nyuma ya mashua. Nyangumi alipopiga mbizi, kamba ilikimbia hadi kigogo kikatoa moshi na mtu akawa anamwagia maji. Aliyeshikwa mguu au mkono na mkunjo wa kamba hiyo alivutwa chini asionekane tena. Mnyama alipochoka, mpiga chusa alibadilishana nafasi na afisa wa mashua, ambaye alitumia mkuki mrefu kuyatafuta mapafu. Damu ilipotoka kwenye tundu la pumzi, watu walirudi nyuma haraka, maana mnyama anayekufa hujirusha ovyo.

Kisha kumvuta mpaka kwenye merikebu kwa makasia, pengine saa nzima, pengine nyingi, hata usiku. Alifungwa kwa mnyororo ubavuni mwa merikebu na shahamu ikachunwa kwa vipande virefu huku mwili ukizungushwa majini, papa wakila upande wa chini. Kichwa cha nyangumi wa ambari kilitobolewa na mafuta yake yakachotwa kwa ndoo. Dume kubwa liliweza kutoa zaidi ya lita 1,500 kichwani peke yake. Shahamu ilikatwakatwa vipande vyembamba, ikatupwa kwenye masufuria, na makapi yaliyobaki baada ya kukaangwa ndiyo yaliyotumika kuwa kuni. Nyangumi alipikwa kwa moto wa mwili wake mwenyewe. Moshi huo mweusi uliingia kwenye nguo, kwenye matanga, kwenye chakula, siku mbili au tatu bila kuzimwa. Nyama yote iliyobaki, tani kwa tani, iliachwa izame.

Na malipo? Hakuna aliyepata mshahara. Kila mtu alikuwa na fungu lake la mapato ya safari. Nahodha aliweza kupata moja ya kumi na mbili, au zaidi kama alikuwa na sifa. Kijana asiye na ujuzi alipata moja ya 175, moja ya 200, au hata chini ya hapo. Kutoka kwenye fungu hilo zilikatwa nguo na tumbaku alizokopeshwa melini kwa bei ya kumuumiza, pamoja na riba ya fedha alizopewa kabla ya kung'oa nanga. Wapo waliotumikia miaka mitatu wakarudi wakiwa wanadaiwa. Si ajabu wengi walitoroka katika visiwa vya njiani, na manahodha wakajaza nafasi zao kwa watu wa Azori, Cabo Verde na Hawaii. Jamii kubwa ya watu wenye asili ya Cabo Verde iliyopo New Bedford leo ilianzia hapo.

Baadhi ya waliochoka walishukia kwetu. Merikebu za nyangumi ziliwinda pia katika Bahari ya Hindi na kutia nanga Zanzibar kuchukua maji na vyakula, hasa baada ya mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani na kufika kwa konseli wa kwanza, Richard Waters, mwaka 1837. J. Ross Browne, kijana aliyesafiri na merikebu ya Fairhaven, aliiacha merikebu yake Zanzibar kwa kuchoshwa na mateso ya mabaharia. Kitabu alichokitoa mwaka 1846 kinaeleza kisiwa hicho na pia dhuluma za melini kwa ukali ambao wenye merikebu hawakuupenda. Melville alikihakiki mwaka uliofuata.

New Bedford, mji uliowaka

Nantucket ilishindwa na mchanga wake. Mlango wa bandari ulikuwa na fungu la mchanga lililozuia merikebu kubwa zenye shehena, na merikebu zilizidi kuwa kubwa. Moto wa mwaka 1846 uliteketeza sehemu kubwa ya mji. Biashara ilikuwa imeshahamia New Bedford, bandari yenye kina upande wa bara, ambako Joseph Rotch alifungua biashara tangu 1765 na ambako baadaye reli ilifika.

Mwaka huohuo wa 1846 ndipo idadi ya merikebu za nyangumi za Marekani ilipofika kilele: zaidi ya 700, kati ya takriban 900 zilizokuwapo duniani kote. New Bedford yenyewe ilikuja kuwa na 329 mwaka 1857, zikiajiri watu wapatao 10,000. Wahunzi, washona matanga, watengeneza mapipa, waoka mikate migumu ya melini, mawakala, kampuni za bima: mji mzima ulikula kwa nyangumi. Galoni moja ya mafuta ya nyangumi wa ambari ilipita dola moja na nusu katikati ya miaka ya 1850.

Mji huu ulikuwa pia kimbilio. Frederick Douglass alipotoroka utumwa mwaka 1838 alipelekwa New Bedford, kwa kuwa alikuwa na ufundi wa kuziba nyufa za merikebu. Alikuta watu weusi wenye nyumba zao na fedha zao, jambo ambalo hakulitarajia. Lakini alipokwenda kuomba kazi ya ufundi wake, mafundi weupe walitishia kuacha kazi wote akiajiriwa. Akabeba mizigo na kupasua kuni.

Katika mji huohuo alikuwapo mhunzi mweusi, Lewis Temple, mzaliwa wa Richmond, Virginia. Chusa la zamani lilikuwa na ncha isiyosogea, na mara nyingi lilichomoka nyama ilipochanika. Mwaka 1848 Temple alitengeneza chusa ambalo ncha yake hugeuka kukaa mkingamo mara inapoingia mwilini, kwa wazo lililojulikana zamani kwa wawindaji wa Aktiki. Lilinasa na halikuchomoka. Karibu kila merikebu ililichukua. Temple hakuliandikisha kisheria kuwa lake, na wahunzi wengine waliliiga wakatajirika. Mwaka 1853 aliumia vibaya alipoanguka usiku kwenye ujenzi wa mji uliokuwa umeachwa wazi. Jiji likakubali kumlipa dola 2,000, lakini alifariki mwaka 1854 kabla ya kuzipata. Ninapoisoma historia hii, yeye ndiye ninayemwona amedhulumiwa kuliko wote: biashara nzima ilishikwa na ncha yake ya chuma, na familia yake ikaachwa mikono mitupu.

Mafuta ya ardhini, vita na barafu

Dalili za kushuka zilianza kabla ya petroli. Dhahabu ya California iliyotangazwa mwaka 1848 iliwavuta mabaharia, na merikebu kadhaa zilitelekezwa San Francisco. Mijini, watu wa kawaida walikuwa wameshahamia kwenye mafuta ya bei nafuu ya taa yaliyotokana na tapentaini, na gesi ya makaa ya mawe iliwasha barabara. Nyangumi wa karibu walikuwa wamekwisha au wamejifunza kukimbia, kila safari ikawa ndefu na ghali zaidi kuliko iliyotangulia.

Ndipo Agosti 1859 Edwin Drake alipopata mafuta kwenye kisima alichochimba Titusville, Pennsylvania. Ndani ya miaka michache mafuta ya taa yalikuwa rahisi kiasi kwamba hakuna mshumaa wa nta ya nyangumi ulioweza kushindana nayo. Kijana wa Fairhaven, ng'ambo ya mto kutoka New Bedford, aitwaye Henry Huttleston Rogers, alikwenda Pennsylvania mwaka 1861, akajenga kiwanda kidogo cha kusafisha mafuta, na hatimaye akawa mmoja wa wakuu wa Standard Oil. Mtaji ambao baba zake wangeuelekeza baharini, yeye aliuelekeza kwenye mafuta ya ardhini.

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaja juu ya hayo. Serikali ya Kaskazini ilinunua merikebu kuukuu za nyangumi, ikazijaza mawe na kuzizamisha nje ya Charleston ili kuziba bandari. Manowari za Kusini zikachoma nyingine. Iliyouma zaidi ni Shenandoah, iliyofika bahari ya Bering mwezi Juni 1865 na kuchoma merikebu zaidi ya 20 ndani ya siku chache, wakati Jenerali Lee wa Kusini alikuwa amekwishasalimu amri tangu Aprili.

Kwa nini wawindaji walikuwa Bering? Kwa sababu mwaka 1848 nahodha Thomas Roys aliupita mlango wa bahari wa Bering na kukuta nyangumi wa barafu, wanene na wapole, wenye mapipa zaidi ya 100 kila mmoja na vibanzi virefu kinywani. Vibanzi hivyo vyepesi vinavyopindika bila kuvunjika vilitumika kwa miavuli, viboko na mishipi ya kubana viuno vya wanawake. Lakini Aktiki inajifunga ghafla. Septemba 1871 upepo uliisukuma barafu pwani ya Alaska na kuzibana merikebu 33. Watu 1,219, wakiwamo wanawake na watoto, walishuka katika mashua ndogo na kufuata ufa wa maji mpaka kwenye merikebu saba zilizokuwa salama upande wa kusini. Manahodha wa hizo saba walitupa mavuno yao baharini ili kuwapatia nafasi. Hakufa hata mtu mmoja. Hasara ilizidi dola milioni moja na nusu, na mwaka 1876 barafu ilinasa merikebu nyingine 12, safari hii watu wengi wakapotea.

Fedha zinapanda ufukoni

Baada ya vita ya 1775 na ile ya 1812 matajiri wa Massachusetts walijenga merikebu upya. Baada ya 1871 wengi hawakujenga, na hapa ndipo ninapoona kiini cha kushuka kwenyewe. Walikuwa na pengine pa kuweka fedha. Kiwanda cha pamba cha Wamsutta kilianza kazi New Bedford mwishoni mwa miaka ya 1840, kwa mtaji uliotoka kwa kiasi kikubwa katika nyangumi, kikisokota pamba iliyolimwa na watumwa katika mji uliojisifu kuwaficha watoro wa utumwa. Faida yake haikuzama na dhoruba. Vikafuata viwanda vingine, reli za magharibi, hisa za New York. Hetty Green, aliyerithi mali ya nyangumi ya ukoo wa Howland mwaka 1865, aliikuza Wall Street mpaka akahesabiwa mwanamke tajiri kuliko wote Marekani.

Na vijana nao waliondoka. Uhakika wa mshahara wa kila wiki ufukoni ulimaliza uvumilivu wa kungoja fungu la moja ya 200 kwa miaka minne. Nyangumi wa ambari walikuwapo bado; kilichokwisha ni watu waliokuwa tayari kuwafuata kwa malipo yale.

Uwindaji uliobaki ulihamia San Francisco, kwenye meli za mvuke, ukiishi kwa vibanzi vya kinywani. Bei ilipanda mpaka dola tano hivi kwa ratili, na wawindaji wakawa wanachukua vibanzi na kuuacha mwili mzima uoze. Waliwaua pia walrasi kwa maelfu, chakula cha watu wa pwani ya Bering, na njaa iliangamiza vijiji vya Kisiwa cha St. Lawrence kati ya 1878 na 1880. Karibu na 1907 soko la vibanzi lilianguka, chuma chepesi kikachukua nafasi yake. Agosti 1924 merikebu Wanderer iling'oa nanga New Bedford, na siku iliyofuata dhoruba ikaivunja kwenye miamba ya Cuttyhunk. Ndiyo merikebu kubwa ya mwisho ya matanga kutoka huko kwenda kuwinda nyangumi.

Waliobaki

Nyangumi hawakupona. Mnorwe Svend Foyn alikuwa amekwishaunda mzinga wa kurusha chusa lenye baruti kutoka kwenye meli ya mvuke, na injini zikawafikia nyangumi wenye kasi ambao mashua za makasia hazikuwapata kamwe. Wanakemia wakajua kuyagandisha mafuta ya nyangumi kuwa siagi ya kupaka mkate na sabuni. Petroli iliyozima mshumaa wa nta ndiyo iliyoendesha meli hizo mpaka Antaktiki. Katika karne ya 20 waliuawa nyangumi karibu milioni tatu, na miaka ya 1960 nyangumi wa ambari peke yao walipita 20,000 kwa mwaka mmoja. Kituo cha mwisho cha Marekani, Richmond huko California, kiliuza nyama kuwa chakula cha wanyama wa nyumbani na kikafungwa mwaka 1971.

Wainupiat wa kaskazini mwa Alaska, waliowinda nyangumi wa barafu kabla merikebu hazijafika, walibaki na mabaki. Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliamua kuwazuia kabisa, kwa makadirio kwamba nyangumi hao hawakuzidi elfu mbili hivi. Wawindaji walipinga: walisema wanasayansi wanawahesabu wanaopita kwenye maji wazi tu, na kwamba wengi hupita chini ya barafu. Waliunda chombo chao wenyewe, wakapata mgao mdogo, na wakashiriki katika kuhesabu upya kwa vifaa vya kusikiliza sauti chini ya maji. Hesabu ya 2011 ilizidi 16,000. Na mwaka 2007, mmoja wa nyangumi waliowapata alikuwa na kipande cha silaha kilichozama shingoni, cha aina iliyotengenezwa New Bedford miaka ya 1880.